Hodi Tatu Kwenye Barafu

Kwetu Mombasa mtu akipiga hodi asijibiwe, hupiga ya pili, kisha ya tatu, na ya tatu ikipita kimya hugeuka akaenda zake bila kinyongo. Hakuna cha kuchungulia dirishani wala kusukuma mlango. Na aliye ndani naye hanyamazi. Hata akiwa na povu la sabuni usoni, atajibu. Mie nilizaliwa na kulelewa hivyo, na sikudhani hata siku moja kwamba adabu hiyo hiyo ndiyo itakayomvunja shoga yangu mkono, tena juu ya theluji, tena Dubai, mwezi wa Agosti.

Mahali penyewe ni ukumbi mkubwa ndani ya jumba la maduka. Nje jua linakuchoma hadi kwenye kope, ndani watu wamevaa makoti na pumzi zinatoka moshi. Theluji inatengenezwa kwa mashine, inamwagwa kwenye mteremko mrefu, na watu wanateleza juu yake na skii. Ndizo zile mbao mbili ndefu nyembamba mtu anazozifunga miguuni kwa mabuti mazito. Sisi wafanyakazi tunaziita mbao, basi. Mie kazi yangu ni chumba cha kukodisha: napima miguu ya watu, natoa mabuti, napokea mabuti, na harufu ya mabuti ya kukodi nakuachia uifikirie mwenyewe. Miaka nimetoa mbao sikuzivaa. Barafu niliyoijua mie ni ile ya ukwaju ya utotoni, kwenye kijifuko, unaing'ata pembe unafyonza.

Aliyenitoa kwenye kile chumba ni Mganda mmoja, mwanamke wa rika langu, mnene kama mie au kunizidi kidogo. Kwao ni fundi cherehani. Dubai alikuja kuwa mlinzi, akasimama miaka kwenye geti la ghala huko Dubai Investments Park, halafu akaletwa ukumbini kulinda ile sehemu ya michezo, ambako kuna matuta ya kurukia na mabomba ya kutelezea juu yake. Tuliyaita yale matuta mabampu, kama ya barabarani. Alisimama pale msimu mzima akiwatazama vijana wakiruka na kuanguka, siku moja akamwendea madam, msimamizi wetu, akamwambia kwamba na yeye anataka. Madam alidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha.

Siku niliyomwona akiruka nilikuwa nimebeba rundo la mabuti. Alikuja taratibu, magoti yamelegea, mikono imetulia kama mtu anayevuka sebule na sinia la chai. Akapanda bampu, akapaa, na kule hewani mwili wote ule ukageuka nusu duara bila haraka, akatua akiwa ametazama alikotoka, akateremka kinyumenyume huku anatabasamu. Lo! Mabuti yaliniponyoka. Nimeona vijana wakipinduka mara mbili hewani na sikushtuka, maana kijana kuruka ni kazi yake. Lakini mwanamke wa makamo, mwenye magoti kama yangu, kutua vile bila hata kuguna! Nilikwenda nikamshika mkono. Nilimwambia waziwazi kwamba sijapata kuona kitu kizuri kama kile tangu nije nchi hii.

Kiswahili chake alikiokota Dubai, hapa neno la Mkenya, pale la Mtanzania, na mie aliniita Hajati kwa sababu ya mtandio wangu. Nilimweleza sijahiji. Akasema utahiji, inshallah, mimi natanguliza tu. Kumbe tulikuwa tunalala jengo moja, Al Baraha, yeye ghorofa ya juu yangu. Ikaisha wiki akawa amehamia chumbani kwetu, kitanda cha dirishani, na hapo ndipo mambo yangu yalipoharibika au yalipotengenezeka, sijui niseme lipi.

Alianza na mbao. Ukumbini kila mwaka wanatoa zilizochakaa wakaleta mpya, na za zamani wafanyakazi wanaruhusiwa kuchukua. Mie nilikwenda moja kwa moja kwenye jozi nyekundu, ndefu, nyembamba, zimenyooka kama rula, zinameta. Nilishajiona. Yeye akazishika, akajaribu kuzikunja kwa goti, hazikukunjika. Akazirudisha.

"Hizi ni za mtu anayewahi," akasema. "Wewe unataka za mtu anayecheza."

Nilikasirika kidogo, maana nyekundu naipenda. Lakini alianza kuzipitia mbao zote kwa vidole, kama fundi anayechagua kitambaa dukani Deira, akizikunja na kuziachia, akisikiliza zinavyorudi. Nikawa namtazama. Alinionyesha kwamba zinazofaa kuchezea ni fupi, zinamfika mtu puani tu, ni laini, na zimebenuka mbele na nyuma vilevile. Sababu ni kwamba anayecheza hutua kinyumenyume, na mbao iliyonyooka nyuma itachoma theluji kama kijiko na kukupindua. Vishikizo vya buti navyo vinakaa katikati, si nyuma, ili mbao isijue mbele ni wapi. Hatimaye akanipa jozi ya rangi ya maboga, imekwaruzika, na upande mmoja kuna mtu alichora paka. Sura mbaya! Nilipoivaa nikajisikia mwepesi, wallahi, ikaniyumbisha huku na huku kama mtoto anayekuvuta kanga mkacheze.

Dada yangu nilipompigia video nikamwonyesha, alisema maneno matatu tu, mtu mzima hovyo. Wale tuliolala nao chumba kimoja nao hawakukosa lao, kila usiku mzaha mzaha hutumbuka usaha, na wakati huo wanaziba pua kwa harufu ya dawa ya kuchua niliyokuwa najipaka kiunoni. Shoga yangu aliwajibu kwa methali niliyomfundisha mwenyewe, kwamba ng'ombe hazeeki maini. Aliipenda hiyo. Alikuwa akiitia hata pasipostahili, hata akila.

Wafanyakazi tulikuwa na saa yetu asubuhi, kabla wateja hawajafunguliwa. Hapo ndipo nilipojifunza kuanguka. Kwanza alinifundisha kuteremka mgongo mbele, natazama begani, polepole, nikipiga makelele ya bure. Kisha kuruka mahali bila bampu. Kisha bampu dogo kuliko yote, ambalo watoto hulidharau. Sikuwahi kumwona akichoka. Nikianguka, haniinui, anangoja niinuke, halafu ananiambia kitu kimoja tu cha kurekebisha, siku hiyo hicho kimoja. Nimepata walimu shuleni na madrasa, hapana aliyekuwa na subira ile. Hata hasira zangu, na mie nina hasira, zilikuwa zinaishia kwake zikapoa kama chai iliyosahauliwa.

Sasa, kule kwenye mabampu aliye juu haoni chini. Bampu limeziba. Kwa hiyo kabla hujaruka unapiga ukelele, ili aliye mahali pa kutua apishe. Wazungu wana neno lao. Mie siku yangu ya kwanza nilisimama pale juu, nikafungua kinywa, na kilichotoka ni hodi. Shoga yangu alicheka akakaa kwenye theluji. Kisha akasimama, akatazama kushoto na kulia, akajibu karibu.

Basi likawa hilo. Wote wa Afrika Mashariki wakalichukua, halafu Wafilipino, halafu hata Mnepali wa mashine za theluji akawa anapiga hodi. Mahali pa kutua tukapaita sebuleni. Nilimweleza shoga yangu na sheria yake, kwamba hodi ni tatu, na ya tatu ikikosa jibu unarudi bila kinyongo. Akaniuliza kama ni kweli hata mtu uliyemzoea, hata ndugu. Nikamwambia hata mama mzazi. Alifikiri, akasema hiyo ni sheria nzuri, na toka siku ile hakuna aliyeishika kuliko yeye. Makatazo ya madam aliyakwepa mchana kweupe, lakini hakuruka hata mara moja bila karibu.

Mkataba wake ulikuwa unaisha, naye alishakata shauri kwamba harudii. Kwao alikuwa na chumba cha barazani kinamngoja, na cherehani ya kukanyaga iliyofunikwa shuka, na wateja wa gomesi, yale magauni ya mabega yaliyochongoka ya kwao, waliokuwa wakimuuliza mama yake kila Jumapili atarudi lini. Tukawekeana ahadi. Asubuhi yake ya mwisho tutaruka bampu la kati, ile nusu duara yake, yeye kwanza mie nyuma yake, au mie kwanza yeye nyuma, mmoja sebuleni anamkaribisha mwenzake. Alisema hataki kuniacha nimesimama mlangoni. Mie nikaanza kufanya mazoezi kama mtu anayefukuzwa.

Asubuhi ya ajali alikuwa sebuleni na reki, anasawazisha theluji, kofia imemfunika masikio, na mashine za baridi zinanguruma juu yake. Mie nilikuwa juu. Pembeni alikuwa anapita mtu wetu mmoja wa Unguja, mzee mzee kidogo, kazi yake kupandisha vile vigari vya watoto vya kutelezea. Alikuwa ametupa mgongo, anavuta kamba. Nikapiga hodi. Naye, masikini, kwa malezi yake yote, bila hata kugeuka, akajibu kwa sauti nzuri ya mtu aliye barazani kwake, karibu, karibu ndani.

Kusikia karibu tu, nikaruka, sikungoja kujua ni ya nani. Nilimwona nikiwa hewani. Nilijipinda nikadhani nimempita, lakini ncha ya mbao ilimchota miguu akaangukia mkono. Sauti ya ule mfupa sitaisema hapa.

Hospitalini yule Muunguja alikuja na sare yake ya kazini, akasimama mlangoni hathubutu kuingia. Mie nilikuwa nimemwandalia maneno, na maneno yangu yakiandaliwa si mazuri. Lakini alikuwa analia bila kujifuta. "Dada'angu," akaniambia, "nilisikia hodi. Nifanye nini mie, niiache ianguke?" Nani kati yetu angeiacha? Shoga yangu kule kitandani, mkono umefungwa, dawa zimemlegeza, alimwita aingie. Alimwambia amejibu vizuri, ila kuanzia sasa atakayejibu ni yule aliye sebuleni peke yake, akiwa ametazama, na mkono ameuinua. Wengine wote kimya. Shoga yangu alifungwa plasta ngumu hadi karibu na kiwiko na daktari akamwonya: mfupa wenyewe umekaa pabaya, ukivunjika tena kabla haujashika, vidole vile havitashika sindano.

Ungeona adabu ilivyotutesa baada ya hapo. Hodi ikipigwa, sisi watu wa pwani tunajiziba midomo. Yule Muunguja alikuwa anaacha kamba na kujifunika kinywa kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Na mie sikuwa naruka tena. Nilisimama juu ya bampu, nikapiga hodi, nikajibiwa vizuri, na bado nikavua mbao nikashuka kwa miguu. Nilikuwa namwona yeye kule chini hata kama hayupo. Shoga yangu hakunisukuma. Kila asubuhi alikuja na plasta yake, akasimama sebuleni, akaniinulia mkono mzima. Mtu niliyemvunja, anasimama palepale nilipomvunjia, ananikaribisha. Mie nimejaaliwa marafiki, lakini mwingine kama huyo sina na sitafuti.

Asubuhi yake ya mwisho ikafika. Sanduku lilikuwa limeshafungwa Al Baraha, ndege ni jioni. Alikuja ukumbini na mbao zake begani, za buluu, laini kuliko zangu, akasema anakuja kuziaga. Nikamwamini. Akazichomeka kwenye theluji pembeni, akaenda kusimama mahali pake.

Nilipanda bampu la kati. Nikapiga hodi. Yeye alitazama kushoto, akatazama kulia, akauinua mkono.

"Karibu, Hajati."

Nikajiachia. Magoti nikayalegeza, mikono nikaituliza, nikatazama bega langu kama alivyonifundisha, na mwili ukafuata. Kule juu pakawa kimya. Kisha mbao zangu za maboga zikagusa chini, zikapinda, zikanibeba, na nikaona bampu likienda mbali na mie, maana nilikuwa nateremka kinyumenyume! Kwetu mgeni haingii nyumba ya mtu kwa mgongo. Mie niliingia kwa mgongo hadi nikamgonga kifuani taratibu, akanishika kwa mkono mmoja. Tulilia na kucheka vyote pamoja. Nilimwambia yeye ndiye amenirusha. Akasema hapana, mbao mbaya zenye paka ndizo.

Nikainama kufungua mabuti nipumzishe miguu. Nilipoinuka hakuwepo. Alikuwa anapanda kwa ubavu, hatua kwa hatua, na zile za buluu zipo miguuni. Alizivaa kwa mkono mmoja mie sioni. Wote walikuwa wanamtazama na hakuna aliyesema kitu. Akafika juu ya bampu la kati, plasta imefichwa ndani ya koti, akapotea nyuma yake, na aliyekuwa sebuleni sasa ni mie.

"Hodi," akapiga.

Nilielewa. Tuliahidiana wawili, mmoja ameshapita, mmoja bado. Ilikuwa haki yake. Na kuruka angeruka vizuri, mkono mmoja au miwili, hilo silitilii shaka hata leo. Lakini niliyaona matone ya mashine za baridi, yaliyoganda sebuleni magumu kama kokoto, nikaiona cherehani chini ya shuka, na vidole vinavyochagua kitambaa kwa kukigusa tu. Kumpigia kelele asiruke kusingesaidia, angecheka akaja. Katika ukumbi ule kulikuwa na sheria moja tu aliyoitii.

Nikanyamaza.

"Hodi," ya pili.

Mie mtoto wa Kiswahili, mwenye umri huu, sijapata kuinyamazia hodi ya mtu. Neno lilinipanda hadi kwenye meno. Lilikuwa na ladha, naweza kusema lilikuwa chungu. Yule Muunguja kule pembeni alikuwa amejiziba mdomo, mabega yanamtikisika, na machozi yanapita juu ya vidole. Nilishikilia mtandio wangu kwa mikono yote miwili nisije nikauinua mmoja.

Ya tatu ilikuja baada ya muda, na hakuipaza. Aliisema kama mtu anayejua kwamba ndani yupo mtu. Hodi. Mashine zilinguruma. Sikujibu.

Kisha tukasikia kishikizo cha buti kikifyatuka, na cha pili. Akatokea pembeni mwa bampu, anashuka kwa miguu, mbao za buluu amezibana kwapani, anaangalia anapokanyaga. Nilidhani atanipita. Alisimama mbele yangu, akanitazama usoni, na macho yake yalikuwa mekundu kama yangu.

"Sina kinyongo," akasema.

Akanipa mbao zake nimshikie, kwa sababu mkono ule mmoja mzima ulikuwa umechoka.